Vikuku vya Sinani na Maji ya Kisima

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki uliokuwa karibu na bahari aliishi mwanachuoni wa mizani, Sheikh Mundhir bin Asadi, Allah amrehemu. Kwa miaka kumi na sita alitundika madini ndani ya maji na kuyapima, mpaka akabainisha kwamba kila kitu hupungukiwa uzito majini kwa kadiri ya maji yaliyokipisha, na kwamba dhahabu safi hupungukiwa kidogo kuliko iliyochanganywa. Akaandika kitabu, na hakuna aliyeruhusiwa kukifundisha ila aliyekisoma mbele yake neno kwa neno na kupewa ijaza. Katika mlango wa kwanza aliandika: pima kwa maji twahara. Alikuwa mtu wa fikihi kabla ya kuwa mtu wa mizani, na kwa wanafikihi maji ya mvua, ya mto, ya kisima na ya bahari yote ni twahara. Yeye mwenyewe alipimia maji ya mvua.

Jumatano moja alijiwa na Bi Rababu, mke wa sonara Sinani. Mumewe alikuwa kifungoni. Msimamizi wa soko alivipima vikuku ambavyo Sinani alimtengenezea binti wa liwali, akakifuata kitabu cha Sheikh, akaona dhahabu ina mchanganyiko. Kadhi ameamuru achapwe viboko Ijumaa baada ya sala, na asiguse tena nyundo maisha yake. Bi Rababu akasema mumewe ameapa, naye hajapata kumsikia akiapa uongo. Akauliza kwa adabu kama yumkini kitabu kina kosa.

Swali lile lilimchoma Sheikh. "Mizani haina ndugu, mama," akamjibu, akarudi kwenye karatasi zake. Mwanamke akaondoka akilia. Na hapa tusimpambe mtu wetu: waja wema nao wana viburi vyao, na cha mwenye elimu ndicho kigumu kung'oka.

Alasiri akaenda msikitini, akateka maji ya kisima atie udhu. Alipofika kwenye kusukutua, akahisi chumvi. Kisima kile kilikuwa na chumvi tangu kuchimbwa, na mji mzima ulijua. Miaka thelathini Sheikh alikuwa akiyatema maji yale pasi na kuyafikiria. Leo aliyashikilia mdomoni mpaka waliokuwa nyuma yake wakamhimiza. Baada ya sala akamuuliza msimamizi wa soko alipimia maji gani. Akaambiwa ni ya kisima cha msikiti, kwa ajili ya baraka zake.

Akabeba mtungi wa maji yale hadi nyumbani, akapima dhahabu yake safi kwa maji ya mvua, kisha kwa ya kisima. Katika ya kisima ilipungukiwa zaidi, kama dhahabu iliyochanganywa. Alhamisi akarudia mara saba, akitumai amekosea, na kila mara ikawa vile vile. Mwanafunzi wake mmoja akamshauri lawama zimwangukie msimamizi, kitabu kibaki na heshima yake. Hatufichi kwamba ushauri ule ulimvutia Sheikh, hata akashinda nao mpaka adhana ya Magharibi.

Ijumaa baada ya sala, Sinani alipoletwa kwenye ua wa msikiti, Sheikh akasimama mbele ya watu, akaomba viboko vizuiwe, kwani vikuku vilipimwa kwa maji ya kisima yenye chumvi.

"Kwani maji ya kisima hiki si twahara?" kadhi akauliza.

"Kwa udhu ni twahara. Kwenye mizani, kila maji yana uzito wake, na ya chumvi ni mazito kuliko ya mvua. Msimamizi amefuata nilichoandika. Aliyekosa ni mimi."

Vikuku vikapimwa upya kwa maji ya mvua, watu wote wakitazama, vikawa dhahabu safi. Sinani akafunguliwa. Sheikh akaenda kumwomba radhi Bi Rababu, naye akamsamehe, ila hakumkaribisha ndani.

Kisha Sheikh akawaandikia wote aliowapa ijaza warudi wakisome kitabu upya. Ukurasa wa kwanza sasa ulieleza kosa lake, na jina la sonara aliyekaribia kuchapwa kwalo. Wanafunzi wakamsihi kisa kile akipeleke mwisho, kwani nani atakiamini kitabu kinachoanza na aibu ya mwandishi wake?

"Mwisho hawafiki wengi," akasema, "na mwenye kupima huanza mwanzo."

Wengi wetu humwomba Mola atuzidishie elimu. Tumwombe pia ulimi wa kusema nimekosa, mgongo wa mwenzetu ungali mzima.