Jinsi Maneno Yalivyopata Vituo

Hizi alama ndogo mnazozipita mbio kitabuni, mkato na nukta na wenzake, zamani hazikuwapo. Milimani kwetu neno halikuwa na pa kupumzika. Mjumbe alifika uwanjani na habari kichwani, akaimwaga yote kwa pumzi moja. Aliyevuta pumzi katikati alihesabiwa mwongo, maana wazee walisema ndipo mtu anapochomeka yake. Huyo alinyang'anywa fimbo ya ujumbe asipewe tena.

Namkunda alikuwa mjumbe wa ndiva, lile bwawa la juu linalofunguliwa kunywesha mashamba ya bondeni. Hakuna aliyekuwa na mapafu kama yake, na fimbo ile aliipenda kuliko shanga zake.

Mwisho wa kiangazi kimoja mvua kubwa ilinyesha ghafla huko juu. Namkunda akashuka mbio, akasema, "Ukuta wa ndiva umepasuka maji yanakuja msishuke bondeni yatawaua!"

Walisikia kila neno, ila hawakujua lipi limezaa lipi. Masikio yao yakachagua lile walilolingoja kiangazi kizima: maji yanakuja. Mengine wakayaacha, kama kawaida yao. Wakabeba majembe kwenda kuyapokea mashambani, na aliyetangulia alikuwa Nakiete, mama yake Namkunda.

Namkunda aliingiwa na hofu. Alijua akirudia kwa pumzi moja watachagua tena. Akawakimbilia njiani, akainua mkono.

"Ukuta wa ndiva umepasuka," akavuta pumzi, mkono ungali juu kuonyesha bado, "kwa hiyo maji haya hayakufunguliwa na mtu." Akapiga fimbo chini, akanyamaza. "Msishuke!" Akapiga mara mbili kuwaonyesha kwamba sababu inafuata. "Yatawaua."

Hapo wakaelewa. Walitupa majembe wakapanda mlimani, na maji ya matope yakapita pale pale walipokuwa wamesimama.

Jioni mzee Kiangi, mlinzi wa desturi, alimnyang'anya fimbo. "Umepumua, binti yangu, na sote tumeona." Namkunda alilia mbele ya watu bila haya.

Nakiete akasimama, matope hadi magotini. "Baba, asingepumua yeye, mimi nisingekuwa napumua."

 Mzee hakuirudisha fimbo.

Lakini watu hawakutaka tena habari ya pumzi moja, na tangu siku hiyo wajumbe wote hupumua. Waandishi walipokuja wakaweka mkato pale Namkunda alipoinua mkono, nukta mbili alipopiga mara mbili, na nukta alipopiga mara moja akanyamaza. Basi mkifika kwenye nukta, simameni kidogo. Namkunda alitoa alichokipenda ili mpate kusimama hapo.