Zimwi Lililojuliwa Hali Angani

Haya, sogeeni! Atakayesinzia nitamtia kwenye hadithi!

Hapo kale watu na mazimwi walicheza mpira angani, kila mchezaji kapanda ungo. Mabao yakawa sawa. La mwisho ndilo lingeamua nani achukue kisima, na kisima kilikuwa kimoja tu. Zimwi Gunda likaudaka mpira, likalielekea kapu la mabao. Mwanashuru, mchezaji wa upande wa watu, akalifukuza huku akipiga kelele:

“Shikamoo, babu!”

Kimya.

“Habari za nyumbani?”

Kimya.

“Na watoto je, hawajambo?”

“Alhamdulillahi!” likajibu.

Lahaula! Ungo wa kichawi hauvumilii kutajiwa Mungu! Zimwi likaporomoka, puu! Mwanashuru akaunyaka mpira, akautia kapuni. Kisima kikawa cha watu.

Wote wameachama vinywa, hawaamini, mara sauti ikatoka vumbini:

“Ila yule mdogo ana kikohozi.”