Kichwa Kilichokandwa Kila Jioni

Hii imenifikia asubuhi, na chai yangu imepoa nikiisoma. Wewe mwenye mtoto mchanga nyumbani, au unayemjua mwenye naye, usiipite.

Palikuwa na mama mmoja kijana, Mwanaidi, aliyejaaliwa mtoto wa kiume baada ya kungoja sana. Wakamwita Hamadi. Alikuwa mzima, ananyonya vizuri, ila paji lake lilibonyea upande wa kulia, na nyusi ya upande huo ikapanda juu, utadhani yeye anamshangaa mtu. Majirani walikuja, wakasema mashaallah, kisha wakatazamana.

Mama mkwe wake, Bi Tunu, hakutishika. "Kichwa cha mtoto kinafinyangika, mwanangu. Niachie mimi."

Kila jioni alipasha mafuta ya nazi, akampakata mjukuu na kumkanda paji taratibu huku akimwimbia. Bi Tunu mwenyewe alikuwa na jicho moja bovu tangu utotoni, na kichwa kikimuuma alijifungia chumbani. Kilemba chake alikivuta mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyewahi kumwona bila kilemba hicho, hata mwanawe wa kumzaa. Watu walisema ni heshima zake tu.

Miezi ikaenda, paji halikupanda. Kliniki wakamtuma Mwanaidi hospitali kubwa, na huko daktari akamweleza bila kuzunguka.

"Fuvu la mtoto lina maungio yanayoliacha likue. La mwanao limefunga mapema upande mmoja. Ubongo unakua, na upande ule haupati nafasi. Inabidi tumpasue, tuutoe mfupa wa paji, tuunyooshe, tuurudishe."

"Hauwezi kunyooka kwa kukandwa?"

"Hauwezi, mama. Na tukichelewa, huenda jicho likaharibika, na hata ubongo ukapata shida."

Mwanaidi alitoka mle amembana mtoto kifuani. Kuutoa mfupa wa kichwa! Njia nzima alikuwa akiona kisu na damu. Akimtazama Hamadi, machozi yanamtoka.

Bi Tunu aliposikia alikuja juu. "Mtoto hajaota meno mnataka kumpasua kichwa? Atakayemgusa kwa kisu anipite mimi kwanza!" Sefu, mume wa Mwanaidi, msemaji mkubwa barazani, mbele ya mama yake aliufyata. Lakini alikuwa upande wa daktari, na siku ya kulazwa ilipofika waliondoka. Bi Tunu hakutoka hata kuwaaga.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi akaja kumchukua mtoto. Hamadi alikuwa ameshika sikio la mama yake, anacheka. Mwanaidi akamkumbatia kwa nguvu.

"Simtoi."

"Mama, daktari anasubiri."

"Simtoi! Akifia humo ndani nitasema nini? Kwamba nilimpeleka kwa mikono yangu?"

Sefu, aliyeweka saini mwenyewe ya kukubali upasuaji, akainamia sakafu.

Ndipo Bi Tunu akatokea ukumbini, vumbi la safari limejaa miguuni. Mwanaidi akashusha pumzi. Alijua amekuja kuwarudisha nyumbani, na kwa mara ya kwanza akaufurahia ubishi wake. Akamkabidhi mtoto. "Mchukue, mama. Twende zetu."

Bi Tunu akampakata mjukuu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akakivua kilemba mbele ya watu wote.

Paji lake lilibonyea upande wa kulia, juu ya lile jicho bovu, sawasawa na la Hamadi.

"Mama yangu alinikanda hivihivi mpaka nikaanza kutembea," alisema. "Zama zile upasuaji huu hatukuujua, alikuwa na mafuta yake tu. Maisha yangu yote nilidhani alichoka mapema. Nikaapa kwamba kwa mjukuu wangu mimi sitachoka. Mlipoondoka nikakaa peke yangu, nikatia mkono chini ya kilemba changu, nikapapasa. Ni mfupa uleule ninaoukanda kila jioni, Mwanaidi. Mama hakuchoka."

Mwanaidi alikuwa analia. "Naogopa, mama."

"Hata mimi naogopa mno. Njoo tumpe sote wawili."

Wakampeleka pamoja hadi mikononi mwa muuguzi. Mlango ukafungwa, na kilio cha Hamadi kikasikika nyuma yake, kisha kikakatika ghafla. Ilikuwa ni dawa ya usingizi tu, lakini Mwanaidi alidhani moyo wake ndio umesimama. Wakakaa. Bi Tunu alishika kilemba mapajani, mikono ikikikandakanda bila yeye kujua. Kila mlango uliofunguliwa uliwashtua. Jua lilikuwa limeshapinda daktari alipotoka, amechoka, anatabasamu.

"Mzima. Ameamka, anataka ziwa."

Leo Hamadi anakimbiza kuku uani, nywele zimefunika kovu. Jioni Bi Tunu bado anapasha mafuta ya nazi, ila sasa anamkanda miguu, maana mtoto hatulii. Kilemba amekifunga nyuma, paji lote liko nje.

Funzo: Kumpenda mtoto hakutoshi kumponya. Mikono yako ikifika mwisho wa uwezo wake, mkabidhi mwenye ujuzi mapema, hata kama unamkabidhi ukitetemeka.