Jina Moja la Chumba cha Kufulia

Sogeeni mnisikilize. Anayetaka hadithi yenye mwisho mwema aondoke sasa, maana hii imenikera tangu nilipoisikia, nami nimeileta kwenu ili tukereke pamoja.

Palikuwa na watu watatu katika chumba cha kufulia cha hospitali moja ya wilaya, kule nyanda za juu kwenye mvua na baridi. Bi Tusekile, mshonaji wa mashuka, alijaliwa jicho: akilitazama shuka anajua aliyelilalia anaendeleaje. Lwitiko, fundi wa mashine, alijaliwa mikono: hakuna kilichofungwa ambacho hakukifungua. Na Subilaga, mfuaji, alijaliwa kalamu. Alikuwa na blogu yake kwenye simu, akiandika vichekesho vya sabuni na ndoo bila kutaja jina lake wala la hospitali. Kazi hiyo ya kufua aliihangaikia miaka mitatu, na mama yake mgonjwa aliitegemea.

Ikatokea mashine ya mvuke, ile ya kuulia vijidudu kwenye vitambaa vya upasuaji, ikafa. Wakamwandikia Katibu wa hospitali. "Inashughulikiwa," akajibu. Wakaandika tena, na tena. Miezi minne inashughulikiwa tu, na vitambaa vinachemshwa kwenye sufuria na kuanikwa koridoni.

Siku moja Bi Tusekile alimwita Subilaga. "Mwanangu, njoo uone. Hili ni shuka la nane wiki hii kutoka wodi ya wazazi. Usaha mtupu. Hawa kina mama waliopasuliwa wanaoza vidonda, na ni vitambaa vyetu." Hakuna daktari aliyekuwa ameunganisha mambo hayo. Jicho la mshonaji ndilo lililoyaona.

Subilaga akaandika, na kwa mara ya kwanza hakuchekesha mtu. Alieleza shuka kwa shuka, mama kwa mama, hadi msomaji akasikia harufu. Hakuna mwingine pale ambaye angeweza kuandika vile. Lakini wasomaji walimjibu, "Dada, punguza chumvi."

Ndipo Lwitiko alipochukua spana. Akaifungua mashine, akapiga picha tumbo lake lililoliwa na kutu. "Weka hii," alisema. "Maneno watayabishia. Kutu je?"

Picha ikazunguka mkoa mzima kwa siku mbili. Wakubwa wakapita hospitali moja moja na magari yao hadi wakaifikia hii, na siku ya tisa mashine mpya ikafungwa. Katibu akakata utepe, akapigiwa makofi. Mashuka ya wodi ya wazazi yakaanza kurudi na madoa ya chai tu.

Sasa sikilizeni balaa. Pembeni mwa picha ile palionekana ncha ya shuka yenye msalaba wa uzi wa kijani. Alama hiyo Bi Tusekile huishona ili mashuka yasiibwe, na hospitali nzima inaijua. Katibu hakuhitaji mpelelezi, kwani chumba cha kufulia kina watu watatu tu. Wote watatu wakapewa barua za kufukuzwa kwa kutoa siri za ofisi.

"Siri gani?" Subilaga akamuuliza. "Kutu nayo ni siri?"

"Kila jambo lina utaratibu, binti. Mngeniandikia mimi."

"Tulikuandikia mara tatu!"

"Basi mngeandika ya nne."

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Hawakusema uende zako bila kazi.

Kina mama wa wodi ile waliposikia, walikuja na ndugu zao, wakakaa getini siku mbili. Katibu akalegea, lakini kidogo tu. Akawaita watatu wale, akawapa karatasi. "Ninarudisha mmoja. Kubalianeni wenyewe. Jina liwe mezani kwangu kesho kabla ya saa sita."

Asubuhi yake walikaa kwenye benchi nje ya geti.

"Bila picha yangu mngeitwa waongo hadi leo," alisema Lwitiko.

"Na bila jicho langu ungepiga picha ya nini?" alijibu Bi Tusekile, ambaye alibakiza mwaka mmoja astaafu.

"Na bila blogu yangu—"

"Bila blogu yako, Subilaga," Lwitiko alimkatiza, "tungekuwa kazini."

Maneno yale yalimchoma. "Nani aliacha shuka lionekane?"

"Nani aliitazama picha na bado akaiweka?"

"Na nani alishona ule uzi," alisema Bi Tusekile polepole. "Malizeni tu, wanangu."

Subilaga alitaka kulia kwa hasira, na si hasira ya hawa wawili. Yule wa kuchukiwa alikuwa ofisini anakunywa chai, na wao huku nje wanararuana.

Lwitiko akamsukumia karatasi. "Andika wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa saa tano na nusu. Subilaga akashika kalamu, na kwa mara ya kwanza maishani haikumtii.

Haya, nyinyi mlionyamaza hapo, kalamu ni yenu. Mtaandika jina la aliyeona, la aliyeandika, au la aliyethibitisha? Msiniambie "wote watatu," karatasi ina mstari mmoja. Wala msiniambie muuache wazi, maana Katibu ana mpwa wake anayetafuta kazi. Semeni: nani?