Punda Asiye na Jina

Ko! Kwato moja iligonga ukuta usiku. Sogeeni, wenzangu: aliyeamka ni Mashavu, mlezi wa punda waliotupwa na wenyewe.

Mashavu alikuwa ameapa kutompa jina mnyama yeyote ajaye kufa kwake, maana alidhani asiye na jina haliliwi. Sasa ilikuwa siku ya tatu punda wake mzee anakata roho, na roho haitoki.

Zimwi, mpokezi wa roho za wanyama, likasimama mlangoni. "Hodi, bibi. Nimwite nani aniandame?"

"Mwite punda."

Likaita, "Punda!" Punda akatetemeka tu.

"Mwite mzee."

Likaita, "Mzee!" Punda akaguna kwa maumivu.

"Basi mbebe, si una mabega!"

"Mimi si hamali, bibi. Roho hunifuata ikiitwa. Jina lake unalo, mbona wamtesa?"

Kweli alikuwa nalo, tangu siku ya kwanza alipomwosha vidonda. Mashavu akapiga magoti, akakipakata kile kichwa kizito, machozi yakatangulia neno.

"Kito," akamwambia sikioni. "Nenda, Kito wangu."