Kofia ya Pili ya Kwenda Mtandavala

Hapo zamani, zamani ya majuzi tu, palikuwa na ofisi mjini Iringa iliyotuma ujumbe wa simu kuwakumbusha kina mama siku ya chanjo. Sekela aliongoza waandishi wa programu. Mgaya aliongoza wachoraji. Zamda aliongoza wale wanaozungukia zahanati za vijijini. Sekela aliandika kazi zake kwenye kompyuta, Mgaya kwenye karatasi za ukutani, Zamda kwenye kundi la WhatsApp.

Mkuu wao, Mama Kihwele, akasema, “Chagueni programu moja ya kupangia kazi. Kazi isiyoandikwa humo si kazi.”

Wakasema sawa.

Sekela akaleta programu aliyoipenda. Alikuwa ameijaribu vizuri, na waandishi wenzake peke yao. Mgaya akaona papo hapo kwamba kwenye simu ndogo za watu wa Zamda haitafunguka. Akanyamaza. Pilau ilikuwa imefika, na kumpinga mwenzako mbele ya mkubwa ni kumvunjia heshima. Zamda akaulizwa, “Imekufaa, dada?” Akajibu, “Mno!” Hakuwa ameifungua.

Wakasema sawa. Wakala.

Kisha nesi wa zahanati ya kijiji cha Mtandavala akamwambia Zamda kwamba siku ya chanjo imeondolewa Jumanne, imepelekwa Alhamisi. Zamda akaandika WhatsApp. Mgaya akaona, akaweka dole gumba. Sekela hakuona, yeye alitazama programu tu, kama ilivyoagizwa.

Ujumbe ukaenda: Jumanne. Kina mama wakapanda mlima na watoto mgongoni, wakakuta kufuli. Mvua ikawanyeshea hapo hapo mlangoni.

Nesi akapiga simu. “Wanasema Alhamisi hawaji. Hawaji mpaka aliyewadanganya asimame mbele yao.”

Pikipiki ya ofisi hubeba dereva na abiria mmoja.

“Aende Zamda,” akasema Sekela. “Mno, mno! Mno ya kitu ambacho hujakifungua?”

“Na wewe ungechungulia WhatsApp ungekufa?” akajibu Zamda. “ Wenye simu ndogo uliwauliza lini?”

“Nilifuata agizo.”

“Basi aende Mgaya, aliyejua yote.”

“Mimi sikuchagua, sikutuma,” akasema Mgaya. “Nilinyamaza kwa adabu.”

“Na lile dole gumba, nalo lilikuwa adabu?” akauliza Zamda.

Mama Kihwele hakusema sawa.

Nje, dereva amewasha pikipiki. Kofia moja ameivaa, ya pili ameishika mkononi. Mtandavala watoto bado hawajachanjwa. Je, ninyi mnaonisikiliza, kofia ile mngemvika nani?