Kima Alivyonunia Makande

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo, mmenuna? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikula sinia moja. Desturi yao ilikuwa hii: mmoja akinuna, hubembelezwa, hulishwa tonge la kwanza, lile lenye tui zito. Likishaliwa hilo, wote hutia mkono.

Kima aliipenda desturi hiyo kuliko wote. Kila siku ananuna. Anakunja kipaji, anabinua mdomo, anafyonya, mfyuu! Anageuza mgongo. Kakasirishwa na nani? Hakuna. We Mwanakombo, usicheke, jana ulinuna kwa ajili ya kiazi.

Mwaka ule njaa ikaingia. Kima hakutia kitu tumboni tangu juzi. Bibi Kobe akatoa akiba yake ya mwisho, akapika makande ya nazi. Harufu ikaita, wote wakaja. Kima akaja mbio, akakaa, akageuza mgongo, akanuna. Mfyuu!

Mara akatokea mgeni, Ngiri. Lo! Uso makunyanzi matupu, meno nje, macho makali.

"Mama yangu!" akasema Bibi Kobe. "Huyu kanuna kumshinda Kima! Karibu, baba. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, bibi. Nina furaha. Uso huu nimezaliwa nao."

"Ndivyo wasemavyo wenye hasira! Haya, fungua kinywa."

Ngiri akafungua. Tonge la kwanza likaingia, gubu! Wote wakatia mikono. Nyam! Nyam! Nyam!

Kima akachungulia kwa jicho moja. Akanuna zaidi. Mfyuu! Nyam! Akabinua mdomo mpaka ukauma. Nyam! Akakohoa. Nyam! Tumbo likalia, nguruu. Akageuka. Sinia jeupe!

"Mbona hamkunibembeleza?" akalia.

"Mjukuu wangu, ukisusa, wenzio twala," akasema Bibi Kobe. "Kwani una njaa?"

Kima akainama. Aibu ilimshika, lakini njaa ilimshika zaidi.

"Ndiyo, bibi. Nina njaa."

Ngiri, na uso wake uleule wa kutisha, akamsogezea ukoko wake. Kima akala huku machozi yanamtoka.

Tangu siku hiyo, Kima akiona chakula hujaza mashavu yote mawili kwanza. Kununa baadaye. Mtazameni mtaona.

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: mwenye njaa aseme njaa, mwenye neno alitoe. Uso haujui kuomba.

Hadithi yangu imeishia hapo, na sinia nimeshaliosha. Anayetaka kununa, anune ameshiba.